Jibu: Pa kujifunzia hesabu za biashara Kigoma

Dada, umeuliza pa kujifunzia hesabu bila kulipa ada, maana unauza dagaa wa Kibirizi kila siku ila mtaji haukui. Pole sana, nimepita huko.

Anza na kikoba, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha mtaani kwako. Usikifuate kwa mkopo tu. Siku ya kikao kaa karibu na mweka hazina uone: sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, kila hisa inagongwa muhuri mbele ya wote. Kuweka kumbukumbu nilijifunzia hapo.

Kisha muone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) hukopeshwa vikundi bila riba. Ulizia mafunzo kwanza. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, nao hufundisha wajasiriamali.

Ila daftari nunua leo. Dagaa mnaokula nyumbani, andika. Kisado ulichompa shemeji, andika kwa bei ya sokoni. Mtaji wangu ulivujia hapo hapo jikoni, miezi mingi, nami nikilaumu wateja.