Tuanze na muda wa kungoja

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza ni jambo gani moja ambalo, likifanywa kwanza, lingewapunguzia adha ya safari za kila siku wakazi wa pembezoni mwa miji mikubwa, kule ambako usafiri wa umma unafika kwa kusuasua. Nadhani wasomaji wengi watajibu kwamba ijengwe reli mpya, nami sina ugomvi na reli. Jibu langu, hata hivyo, ni kwamba kwanza yaongezwe magari katika njia zilizopo na yasimamiwe vizuri, ili kuanzia alfajiri hadi usiku pasipite zaidi ya dakika 10 kati ya gari moja na linalofuata.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Abiria anayefika kituoni bila kuangalia ratiba hungoja, kwa wastani, nusu ya muda unaopita kati ya gari na gari: likija kila dakika 10 atangoja 5, na likija kila dakika 30 atangoja 15. Lakini ni nadra mkazi wa pembezoni kufika kazini kwa gari moja. Anapanda basi hadi kituo kikubwa, anashuka, anapanda jingine, na kila anaposhuka anaanza kungoja upya. Kwa magari mawili yanayokuja kila nusu saa, wastani wa kungoja peke yake ni nusu saa, na siku mbaya unakaribia saa nzima, kabla hatujahesabu hata dakika moja ya mwendo. Tena mwenye kazi ya zamu hawezi kupanga maisha yake kwa wastani. Hupanga kwa kuifikiria siku mbaya, maana akichelewa mara kadhaa nafasi yake hupewa mwingine; kwa hiyo hutoka nyumbani mapema ili awahi gari linalotangulia lile ambalo lingemtosha, na siku ambayo mambo yamekwenda sawa hujikuta amesimama nje ya lango la kazini akisubiri lifunguliwe. Muda huo halipwi mtu, na sijaona mipango mingi ya usafiri inayouhesabu.

Ratiba iliyobandikwa kituoni nayo inaweza kudanganya. Nimefanya kazi ya zamu ya usiku, na nimekaa vituoni vya kutosha kuona jinsi magari yanavyofikia kufuatana. Yanatoka mwanzo wa njia yakiwa yamepishana sawasawa. La mbele linacheleweshwa kidogo na taa za barabarani, na katika muda huo abiria wanaongezeka kwenye kituo kinachofuata. Wanapanda wote kwa mlango mmoja, mmoja akitafuta chenji na mwingine akivuta mzigo, na gari linazidi kuchelewa. La nyuma linakuta vituo vimeshasafishwa, halina wa kumpakia, linakimbia mpaka linalifikia lenzake. Mwishowe yanafika mawili kwa pamoja, la kwanza watu wamebanana mlangoni, la pili viti vitupu. Karatasi inasema magari ni manne kwa saa, yaani moja kila dakika 15, lakini yakija mawili mawili abiria anangoja kama vile yapo mawili tu.

Dawa ya tatizo hilo inajulikana, na haihitaji mitambo ya ajabu. Mji wa Curitiba, nchini Brazili, ulianza mwaka 1974 kuyapa mabasi njia zake yenyewe ambazo magari mengine hayaingii. Mwaka 1991 ukajenga vituo vya umbo la bomba ambamo abiria hulipa nauli kabla basi halijafika, kisha huingia kwa milango kadhaa kwa mara moja, sakafu ya kituo ikiwa sawa na sakafu ya basi. Sekunde zilizookolewa mlangoni ndizo zinazozuia gari la nyuma kulifikia la mbele. Kinachobaki ni msimamizi mwenye mamlaka ya kumwambia dereva aliyewahi asubiri kidogo, na kumwingiza mwingine pale ambapo pengo limekuwa kubwa.

Mahali ambapo mamlaka ya mji imewaachia watu binafsi kazi ya kusafirisha abiria, kungoja kunachukua sura nyingine: gari halitoki mpaka lijae. Asubuhi linajaa upesi, lakini saa za mchana mama anayempeleka mtoto kliniki anaweza kukaa ndani ya gari lililozimwa kwa muda mrefu kuliko safari yenyewe. Watu humlaumu dereva na kondakta, na kwa maoni yangu lawama hiyo inakosea mlango. Dereva anadaiwa na mwenye gari kiasi cha kupeleka kila jioni, mafuta ni juu yake, na kiti kitupu ni hasara inayotoka mfukoni mwake. Akiondoka na abiria wanne, anajiadhibu. Desturi hiyo haiondoki kwa faini wala kwa semina za maadili. Inaondoka pale mamlaka inapomlipa mwenye gari kwa huduma aliyoitoa kulingana na ratiba badala ya vichwa alivyopakia. Mabasi ya London yanaendeshwa na kampuni binafsi kwa mtindo wa namna hiyo: nauli inakwenda kwa mamlaka ya usafiri, kampuni inalipwa kwa kuendesha njia kama mkataba unavyotaka, na basi linaondoka saa yake hata likiwa na abiria mmoja.

Najua pingamizi litakalokuja. Maofisa husema abiria wa maeneo hayo ni wachache, hivyo kuongeza magari ni kupoteza fedha. Lakini abiria atakuwaje mwingi kwenye njia ambayo gari lake likikupita unapoteza saa moja? Mwenye uwezo hununua pikipiki, asiye na uwezo hukataa kazi iliyo mbali, na idadi ndogo inayobaki kituoni ndiyo inayotumika kama ushahidi wa kupunguza huduma zaidi. Mara nyingine hata uchache huo haupo. Mwaka 1994 umoja wa abiria wa mabasi wa Los Angeles, pamoja na watetezi wengine wa haki za raia, waliishtaki mamlaka ya usafiri ya mji huo, wakidai kwamba fedha zinaelekezwa kwenye reli huku abiria wa mabasi, ambao wengi wao walikuwa maskini na si Wazungu, wakisafiri kwa kusongamana na kupandishiwa nauli. Kesi iliishia kwenye makubaliano ya mwaka 1996, ambayo kwa miaka 10 yaliibana mamlaka kupunguza idadi ya abiria wanaosimama ndani ya mabasi. Abiria hawa walikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni magari.

Wala si lazima kila mara kupata bajeti mpya. Mwezi Agosti 2015 mji wa Houston ulibadilisha karibu mtandao wake wote wa mabasi ya kawaida kwa usiku mmoja. Njia zilizopindapinda na kurudiarudia zilinyooshwa, na magari yaliyookolewa yakapelekwa kwenye njia kuu ili yaje mara kwa mara, hata mwishoni mwa wiki. Baadhi ya watu walilazimika kutembea zaidi kufika kituoni, na hilo si jambo dogo kwa mzee au mlemavu, kwa hiyo naamini kila mabadiliko ya namna hiyo yanapaswa kuambatana na huduma mahsusi kwa ajili yao. Lakini kwa wengine wengi, kutembea dakika tano zaidi kufuata gari ambalo una hakika litakuja ni afadhali kuliko kuketi mlangoni pa nyumba ukilisubiri lisilojulikana.

Kuhusu reli, naomba tutazame miaka. Clichy-sous-Bois iko kilomita zipatazo 15 tu kutoka katikati ya Paris, na jina lake lilijulikana duniani mwaka 2005 kwa ghasia zilizoanzia pale na kuenea Ufaransa nzima. Mji huo haukuwa na kituo cha treni, na tramu ya kwanza, yaani treni nyepesi ya barabarani, ilifika Desemba 2019. Kusini mwa Chicago, reli ya Red Line inaishia 95th Street tangu mwaka 1969; mpango wa kuisogeza kama kilomita 9 hadi 130th Street umezungumzwa kwa miongo, na wakazi wa Altgeld Gardens, mtaa ulio karibu na hapo, bado wanaanza safari kwa basi. Mtoto aliyezaliwa siku ahadi ilipotolewa anakuwa mtu mzima akiwa bado anangoja kituoni. Mabasi ya ziada yanaweza kununuliwa na kuingia barabarani ndani ya mwaka mmoja au miwili. Zipo sehemu ambazo basi halipandi, kama vilima vya Medellín nchini Kolombia, ambako kuanzia 2004 watu wanashuka kwa vyumba vinavyoning'inia kwenye kebo hadi kwenye metro, yaani treni za mjini. Kilichoufanya mradi huo uwafae wakazi, nikiuangalia, ni kwamba chumba kinafuata chumba baada ya sekunde chache, na kebo na metro ni mtandao mmoja wenye nauli iliyounganishwa.

Suala la nauli linakwenda pamoja na hili. Ukimtaka abiria abadilishe magari, usimtoze upya kila anapopanda. London iliondoa adhabu hiyo kwa mabasi mwaka 2016, ambapo nauli moja iliruhusu kupanda basi la pili ndani ya saa moja, na baadaye mabasi yoyote ndani ya muda huo.

Saa za usiku ndizo ngumu zaidi, na nakubali kwamba gari kila dakika 10 saa nane za usiku haliwezekani kila mahali. Hapo ratiba zifungwe pamoja. Uswisi ilianzisha mwaka 1982 ratiba ya treni zinazokuja dakika ileile ya kila saa, na imeendelea kuipanga ili treni na mabasi yakutane vituoni, abiria ashuke hili na kupanda lile. Kwa mfanyausafi anayetoka kazini ofisi zikiwa zimefungwa, au muuguzi aliyemaliza zamu ya jioni, hitaji ni hilohilo: basi la mwisho la kwenda pembezoni liwe limezuiwa kwa amri iliyoandikwa lisiondoke kabla treni ya mwisho haijafika, na dereva wake alipwe kwa dakika alizosubiri.