Spyder, MP3 na Niken si kitu kimoja

Umeuliza kama Spyder, MP3 na Niken, pikipiki za magurudumu matatu, zinatofautiana kwa jina tu. Hapana, ndugu. Unapouliza ipi ni ya michezo, yaani ya kuendesha kwa kasi na raha, na ipi ya safari ndefu, tazama kwanza kama chombo kinalala, yaani kinainama upande, kwenye kona au la.

Can-Am Spyder ya BRP, kampuni ya Kanada, ilitoka mwaka 2007 ikiwa na magurudumu mawili mbele na injini ya Rotax ya silinda mbili, sentimita za ujazo 998. Hailali. Unageuza usukani, na kompyuta inazuia isipinduke. Toleo la kwanza lilikuwa la michezo. Spyder RT, toleo la safari, ilifuata 2010, ikiwa na masanduku ya mizigo na kioo kirefu cha upepo. Lakini kwangu mabadiliko makubwa ni ya 2014, RT ilipopewa injini ya silinda tatu, sentimita za ujazo 1330: ina nguvu tangu mzunguko wa chini, na hicho ndicho unachohitaji ukiwa na abiria na mizigo mlimani. Spyder F3 ya 2015 ilirudi kwenye michezo, miguu ya dereva ikinyooshwa mbele.

Zinazolala ni ukoo mwingine. Piaggio MP3 ilianza 2006 kama skuta ya mjini. Yamaha wakaleta Niken 2018, na hiyo ni pikipiki kamili ya kona: matairi mawili ya mbele yanashika barabara hata ikiwa imelowa.

Kama umezoea pikipiki ya kawaida, ijaribu Niken kwanza. Spyder itakulazimu ujifunze upya kukata kona.