Aliyewauzia mtoto wa bandia ndiye aliyekuuzia na wewe kesi ya mauaji

Mkuu, umeuliza kuhusu The Imposter, ile dokumentari ya Bart Layton ya 2012: inawezekanaje familia impokee mtu mwenye macho ya kahawia wakati mtoto wao alikuwa na macho ya bluu, kama si kwamba walishajua mtoto amekufa na wao ndio waliomuua? Naona wengi wamekuunga mkono. Mimi napinga, kwa sababu jambo la namna hii limewahi kupita nyumbani kwetu nikiwa nimekaa palepale.

Kwa ambao hawajaiona: Nicholas Barclay alitoweka San Antonio, Texas, tarehe 13 Juni 1994, akiwa na miaka 13. Oktoba 1997 ikaja habari kwamba amepatikana Linares, Hispania, kwenye kituo cha kulelea watoto. Aliyekuwa kituoni ni Frédéric Bourdin, Mfaransa wa miaka 23, mzoefu wa kujifanya mtoto asiye na kwao.

Watu wanamwita gwiji. Hebu mtazame alivyoanza. Alipiga simu Marekani, kwenye kituo cha kitaifa cha watoto waliopotea, akijifanya mfanyakazi wa kituo cha Linares, akaeleza sura yake mwenyewe na kuuliza kama kuna mtoto anayefanana hivyo. Wakamtajia Nicholas. Tangazo likaja kwa faksi, jeusi na jeupe. Lilipofika la rangi ndipo akaona nywele za dhahabu na macho ya bluu, na tayari alishasema ni yeye. Gwiji gani huyo? Akapaka nywele dawa, akajichora tatuu kama za mtoto, na kuhusu macho akatunga kwamba watekaji walimdunga dawa iliyobadilisha rangi. Kiingereza chake kilikuwa cha Kifaransa kitupu. Uongo wa kuchekesha. Kisha dada yake Nicholas akafika, akakaa naye, akamwonyesha picha za nyumbani: huyu ni fulani, unamkumbuka? Bourdin akabaki na kazi ya kupokea tu.

Sasa yetu. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliondoka nyumbani akiwa na miaka 16, hakuonekana tena. Mwaka wa tisa ikapigwa simu. Mwanamume akasema, "Mama." Basi. Jina hakulitaja, alilitaja mama mkubwa mwenyewe, kwa sauti, huku anainuka kitini. Akamuuliza, "Ule mguu ulipona?" Akajibiwa ulipona. Tuliweka spika, wote tunasikia. Kaka alikuwa na kigugumizi kikali, hilo neno "mama" lilikuwa linamhangaisha mpaka unamwonea huruma. Huyu alikuwa anateleza kama mtangazaji wa redio. Mdogo wangu akaninong'oneza, "Mbona hana kigugumizi?" Na mimi, ninayejiona mjanja, nikamjibu, "Kigugumizi huisha mtu akikua." Hakuna aliyeniomba jibu hilo. Tapeli mwenyewe hakujua hata kwamba kuna kigugumizi cha kuelezea! Nauli ikatumwa jioni ileile, na nyingine wiki iliyofuata. Mara ya tatu mjomba akataka waonane kwa video, namba ikazimwa.

Je, sisi tulimuua kaka?

Na wala hatuko peke yetu. Huko Louisiana mwaka 1912 alipotea mtoto wa miaka minne, Bobby Dunbar. Miezi minane baadaye akachukuliwa mtoto mwingine Mississippi, wazazi wakasema ndiye, huku mama mwingine, Julia Anderson, akilia kwamba ni wake. Akalelewa kama Dunbar, akazeeka, akafa 1966. Vipimo vya vinasaba vya mwaka 2004 vikaonyesha hakuwa wa ukoo ule. Pale mtoto mwenyewe hakumdanganya yeyote.

Hoja yako yenye uzito ni moja: kwa nini mama yake Nicholas alikataa kutoa damu ipimwe? Hilo hata mimi lilinikera nilipoangalia mara ya kwanza. Halafu nikamkumbuka mama mkubwa. Tulipotaka kwenda polisi kuripoti ile namba, alikaa mlangoni. "Mnataka nimpoteze mara mbili," akasema. Hatukwenda. Ofisa yeyote angemtilia shaka kwa hilo.

Tena jiulize hiyo hadithi ya mauaji umeisikia wapi. Mpelelezi binafsi Charlie Parker alilinganisha masikio kwenye picha, hayakufanana. Nancy Fisher wa FBI akapata amri ya mahakama ya kuchukua damu na alama za vidole, na vidole vikamtaja Bourdin. Ni baada ya kunaswa, Machi 1998, ndipo alipoanza kusema familia ilimpokea kwa sababu ilijua Nicholas ameuawa. Mtu aliyefungwa miaka sita kwa hati ya kusafiria ya uongo na kusema uongo chini ya kiapo! Uchunguzi ulifanyika, hakuna aliyeshtakiwa. Kaka wa Nicholas, aliyenyooshewa kidole kuliko wote, alifariki mwaka huohuo wa 1998 kwa kuzidisha dawa za kulevya, hawezi kujitetea. Nawe umeketi kwenye kochi, Bourdin anakutazama machoni kupitia kamera, anakupa nusu ya hadithi, nusu nyingine unamalizia mwenyewe.

Layton namlaumu kwa mwisho ule, Parker anachimba uwanjani kwa nyumba ya zamani ya familia, shimo linazidi kuwa refu, filamu inakatika. Hawakukuta kitu.

Ukiirudia, pale dada mtu anaposimulia walivyokutana Hispania, achana na Bourdin. Msikilize dada tu, hesabu ni mara ngapi anajijibu mwenyewe kabla hajaulizwa.