Mume wangu amefariki, siwezi hata kuomba. Mungu ameniacha?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makambako. Mume wangu alikuwa anaendesha bodaboda, alifariki kwa ajali mwezi wa tatu na tangu tumzike sijawa sawa. Jaketi lake bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango, nashindwa kulitoa. Nikipiga magoti niombe maneno hayaji, nalia tu, kulala silali, kuna usiku natamani nisiamke. Kanisani dada mmoja kaniambia mwenye imani halii miezi yote hii. Halafu kuna mtumishi anasema nyumba yangu ina laana, nitoe sadaka ya laki mbili aivunje, nafikiria kuuza ng'ombe. Mashemeji nao wameanza kuulizia shamba. Mungu ameniacha? Mwanga nitautoa wapi?
Mjane, Makambako

JIBU: Asifiwe milele dada yangu, na pole, pole sana. Jaketi liache hapo hapo lilipo, hakuna anayekudai ulitoe.

Nianze na huyo aliyekuambia mwenye imani halii maana hilo limeniuma. Fungua Yohana 11. Lazaro amekufa, ana siku nne kaburini, Yesu anafika Bethania amechelewa, na Martha anamwambia usoni kabisa kwamba Bwana kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa. Hayo ni malalamiko, tena ya mtu aliyempenda Yesu na kumpikia nyumbani kwake! Yesu hakumkemea. Alimjibu "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima", na angalia alimwambia lini, kaburi bado limefungwa, jiwe halijasogezwa, waombolezaji bado wanalia. Halafu na yeye mwenyewe akalia machozi, wakati anajua kabisa anaenda kumfufua. Sasa kama Yesu alilia pale, wewe uliyebaki na watoto watatu nani akukataze?

Na kuna Zaburi ya 88, naomba uisome hata kama ni mistari miwili mitatu. Zaburi nyingi za kilio zinaanza vibaya ila mwishoni mtu anageuka anasifu, hii haigeuki, inaanza na kilio na inaishia gizani hivyo hivyo, na bado imo kwenye Biblia inasomwa kanisani mpaka leo. Aliyeiandika hakuwa na jibu lolote, alichokuwa nacho ni kwamba analia mbele za Mungu, mchana na usiku anasema. Na wewe ndicho unachofanya ukipiga magoti ukalia bila maneno. Hayo ni maombi dada. Paulo anasema kwenye Warumi 8 kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa.

Sasa hilo la kutamani usiamke. Nabii Eliya alifika hapo, 1 Wafalme 19, tena ametoka tu kuona moto wa Mungu unashuka mlima Karmeli, akakimbia jangwani akakaa chini ya mti akamwambia Mungu yatosha, niondoe. Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, akamtuma malaika amguse na kumwambia inuka ule, kumbe kuna mkate umeokwa kwenye makaa na maji, akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala. Mazungumzo yalikuja baadaye huko mlima Horebu. Yaani chakula na usingizi vilitangulia, kwa hiyo usione ni udhaifu nikikuambia leo ule hata uji, na leo hii, sio wiki ijayo, mwambie mtu unayemwamini hilo ulilonieleza mimi, aje alale kwako hata siku kadhaa, na uende hospitali umweleze daktari kwamba hulali na unachowaza usiku. Daktari na dawa ni mikono ya Mungu vile vile, na usikubali mtu akuambie uchague kati ya hospitali na maombi.

Halafu jumuiya. Kwenye jumuiya yetu kuna mama alifiwa na mtoto akawa kama wewe, hafungui mdomo. Wamama wakapangana, kila jioni mmoja anapita, anakuta vyombo anaosha, anasoma zaburi moja na kuomba, na yeye mwenye nyumba kazi yake ni kusema amina tu. Ilikwenda hivyo muda mrefu sana, na jioni moja msomaji alipofunga Biblia yeye akaanza kuomba mwenyewe, kwa sauti ya chini, akiwataja watoto wake waliobaki. Mpigie mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya, sema tu siwezi kuomba, njooni mniombee. Kama kuongea ni kazi tuma meseji.

Huyo mtumishi wa laki mbili achana naye kabisa. Nabii Elisha alimkatalia jemadari Naamani zawadi zote baada ya kuponywa ukoma, na Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyemkimbilia Naamani nyuma akapokea baadhi aliondoka na ukoma, 2 Wafalme 5. Ng'ombe usiuze, watoto wanywe maziwa. Mume wako amekufa kwa ajali barabarani, na mtu anayekuuzia laana katikati ya msiba hajatumwa na Mungu ninayemjua mimi.

La shamba sasa. Mirathi inafunguliwa mahakamani, mara nyingi mahakama ya mwanzo, kikao cha ukoo kinapendekeza msimamizi ila anayemteua ni mahakama, na wewe mke una haki ya kuwepo kwenye hicho kikao na hata kupendekezwa. Tafuta cheti cha kifo na cheti cha ndoa uviweke pamoja, uliza ofisi ya kata wasaidizi wa kisheria wako wapi, wapo kwa ajili ya watu wasio na hela ya wakili. Mashemeji wakileta karatasi yoyote usiisaini kabla wasaidizi hao hawajaisoma.