Mashindano ya taifa ya chesi kwa watoto, usiweke mtoano

Ndugu, umeuliza uanzie wapi na mashindano ya taifa ya chesi kwa watoto kama 60 hivi, na wanaofungwa mapema wasikate tamaa. Kwanza usiweke mtoano kabisa, yaani mtoto kasafiri mbali afungwe gemu moja ndo basi arudi nyumbani? Hapana aisee. Tumia mfumo wa Uswisi, raundi 7 zinatosha, kila raundi mtu anapangwa na mwenye pointi sawa au karibu na zake, kwa hiyo hata aliyeanza vibaya anapata wa saizi yake na anacheza mpaka mwisho. Umri fuata makundi ya FIDE, yaani shirikisho la chesi la dunia, chini ya miaka 8, 10, 12 hadi 18, wa chini ya 12 asiwe ametimiza 12 kabla ya Januari 1 ya mwaka huo, kagua vyeti vya kuzaliwa mapema maana ugomvi wa wazazi huanzia hapo. Wazazi wenyewe wakae nje ya ukumbi.

Halafu tafuta kocha wa kukaa na watoto baada ya kila gemu wapitie muvu walizoandika, hasa waliofungwa, na kama mtoto analia mwache apumzike kwanza ndo mpange kete upya.