Re: Bandama ikitolewa, figo ya kupandikizwa haitakataliwa?

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza kama mjomba wako atolewe bandama ili figo atakayopandikizwa isikataliwe. Mimi niko Mtwara mjini, na hili swala naliwaza sana. Bandama, wengine wanaita wengu, ichukulie kama ghala la korosho la chama cha msingi, kila gunia linaletwa pale na wakaguzi wanachomoa sampuli, basi damu nayo inapita kwenye bandama na seli zinabeba vipande vya kiungo kigeni na kuvionyesha kwa seli T, yaani askari wa kinga ya mwili, na hizo zikishagundua kuwa hii sio ya kwetu zinazaliana kwa wingi na kwenda kuishambulia figo.

Mtafiti Fadi Lakkis na wenzake mwaka 2000 walipandikiza moyo kwa panya waliozaliwa bila tezi za limfu na wakatolewa na bandama, moyo ukakaa tu, mwili kama haukupata habari. Ila mjomba ana tezi shingoni, kwapani, tumboni, zote zinafanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo kutoa bandama peke yake hakumalizi tatizo. Halafu huku kwetu malaria ipo, asiye na bandama anaumwa vibaya zaidi, na nimonia pia inamshika kwa kasi, hapo mimi naogopa kabisa.

Muhimbili wanapandikiza figo tangu 2017, Benjamin Mkapa Dodoma tangu 2018, waulizeni hukohuko. Na dawa za kutuliza kinga asiruke hata siku moja, tafadhali, hata akijiona mzima.