Akitoka Karanga Jumatatu, wiki ya tatu atakuwa wapi? Maswali na majibu ya wasomaji

Mwezi huu ukurasa wetu wanaujibu watu wanaofanya kazi ya kuwapokea waliomaliza vifungo kupitia makanisa na misikiti ya Moshi na Arusha. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa kamati ya diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, katika usharika mmoja wa Pasua, Moshi. Kijana wetu anamaliza kifungo cha miaka 6 Gereza Kuu Karanga. Tumechanga shilingi 400,000, na kwaya imeomba kwenda kumpokea getini. Mama yake anacho chumba cha uani. Fedha tumkabidhi siku hiyo hiyo?

JIBU: Amina, katibu. Kwaya ibaki nyumbani. Waende watu wawili, ndugu mmoja anayemwamini na mtu mmoja wa usharika, wakiwa na nguo na viatu. Zile alizoingia nazo mara nyingi hazimtoshi tena, au zimeoza stoo. Kabla hamjaondoka akague vitu vyake vilivyotunzwa mapokezi kabla ya kusaini, na karatasi ya kuachiliwa mkaitoe nakala mbili siku hiyo hiyo. Polisi au mgambo wakimsimamisha usiku, hiyo ndiyo itakayomsemea.

Tarehe msiikisie. Kwa kawaida mfungwa mwenye tabia njema hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo miaka 6 huwa 4. Msamaha wa Rais, ambao mara nyingi hutangazwa Aprili 26 au Desemba 9, unaweza kuivuta tarehe mbele bila ninyi kujua. Kamati nyingi hukuta mtu ameshatoka wiki mbili nyuma, yuko stendi. Mwandikieni Mkuu wa Gereza mapema mkiomba kuonana na kijana, na huko mumwulize mambo matatu: atalala wapi kweli (si pale mnapodhani ninyi), anatumia dawa gani, na ni mtu gani mtaani ambaye yeye mwenyewe hataki kukutana naye. Kama mtu aliyekosewa na kijana anaishi Pasua hiyo hiyo, mchungaji au mwinjilisti amwendee mapema, amwarifu kwamba huyu anarudi, asikilize atakachosema. Asimwombe asamehe. Anakwenda kumpa taarifa, basi. Mwenyekiti wa mtaa naye asisikie habari hizi sokoni.

Sasa fedha. Msimpe yote mkononi, na sababu si kwamba ataiba. Yapo madeni ya sabuni. Kila aliyewahi kumpelekea sabuni au kumtunzia mtoto atapita kumsalimia wiki ya kwanza, naye ataona haya kusema hapana. Laki nne huisha kwa siku nne hivyo hivyo. Sisi tungeigawa hivi. Godoro la futi tatu, shuka na blanketi, 85,000. Nguo jozi mbili na viatu kutoka soko la mitumba la Memorial, 40,000. Chakula cha wiki mbili, 40,000: unga kilo 10, maharage kilo 4, mafuta, chumvi, sukari, na akabidhiwe mama mwenye nyumba mbele ya kijana, ili asionekane mgeni anayekula bure. Ndoo, sufuria na sabuni, 30,000. Simu ya kitochi, 35,000. Nauli na nyaraka, 20,000. Zinabaki 150,000, nazo zisiguswe hadi wiki ya tatu. Hapo ndipo shangwe huwa imekwisha, wageni hawaji tena, na wale rafiki wa zamani wanapiga simu. Mnunulieni vifaa vya kazi, mwende naye dukani achague mwenyewe. Karanga kuna kiwanda cha viatu; kama alifanya kazi humo, sindano, uzi, gundi, kisu, nyundo na chuma cha kugongea vinamtosha kuanza kibarazani. Kama hakufanya, msimlazimishe ushonaji wa viatu kwa kuwa tu ninyi mmeupenda.

Katika nyaraka ndipo usharika una nguvu kuliko mnavyojua. Laini yake ya simu kwa muda huo imeshafungwa, pengine ina mtu mwingine, na mpya husajiliwa kwa alama ya kidole pamoja na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Namba hiyo, yenye tarakimu 20, haifi kwa mtu kufungwa. Aliyeisahau hufuatilia ofisi ya NIDA ya wilaya. Asiyewahi kujiandikisha aanze kwa mtendaji kupata barua ya utambulisho, na kama hana cheti cha kuzaliwa, fungueni daftari la ubatizo. Cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo vinavyotumika RITA, ofisi inayosajili vizazi, kwa anayesajiliwa akiwa mtu mzima. Hakikisheni tu jina na tarehe vinafanana na vya karatasi ya gereza. “Elibariki” upande mmoja na “Elly” upande wa pili ni safari tatu za bure.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Ni mama wa Kibosho. Mwanangu anatoka Gereza la Kisongo, Arusha, akiwa kwenye dozi ya kifua kikuu. Wanajumuiya wanataka tufanye misa ya shukrani kwanza, hospitali baadaye.

JIBU: Milele amina, mama. Misa itasubiri, vidonge havisubiri. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu ni miezi 6: miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayofuata dawa mbili. Wanaotoka gerezani wengi huachia katikati, kwa kuwa wanajisikia wazima na hakuna aliyewaambia waendelee wapi. Akiacha, vijidudu vinavyobaki huweza kuwa sugu, na hapo safari yake itakuwa ya Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu, na ya dawa nzito zaidi.

Kabla hajatoka, omba zahanati ya gereza iandike barua ya uhamisho kwenda kituo kilicho karibu nawe, yenye tarehe aliyoanza dawa na majibu ya makohozi, na apewe vidonge vya kumfikisha huko. Mpeleke kituoni ndani ya siku mbili tatu. Tiba hii ni ya bure, atakayekudai hela za vidonge mkatalie. Watoto walio chini ya miaka mitano watakaolala nyumba moja naye wapelekwe wapimwe, kwani wapo wanaopewa dawa ya kinga. Kwa anayetumia ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, utaratibu ni huo huo: barua, kadi ya CTC (kliniki ya dawa hizo), na tembe za kuvukia. Na hili la ARV halitangazwi katika jumuiya, hata kwa nia ya kuombewa, mpaka mwenyewe aseme.

SWALI: Assalaam alaykum. Kamati ya msikiti, Ngarenaro, Arusha. Ndugu yetu ametoka kwa parole, na mahakama ilimwamuru alipe fidia. Je, zaka inaweza kumsaidia? Pia tunataka kwenda naye ijtimai, mkutano wa dini, Tanga.

JIBU: Waalaykum salaam. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba inawataja wenye madeni miongoni mwa makundi manane ya wanaostahiki zaka. Kama deni hili linaingia humo, na kwa masharti gani, muulizeni sheikh wenu, maana kosa lililozaa deni huleta mjadala. Sisi tunasema juu ya utaratibu. Fidia iliyoamriwa na mahakama msimpelekee mlalamikaji kimya kimya. Nendeni masjala ya mahakama iliyotoa hukumu na namba ya kesi, mwulize salio na njia ya kulipa, mchukue stakabadhi, nakala ibaki kwa katibu wa msikiti. Wapo waliolipa mkono kwa mkono wakadaiwa mara ya pili.

Tanga ngojeni kwanza. Aliye kwenye parole bado anatumikia kifungo chake, ila nje ya ukuta. Someni karatasi ya masharti: aripoti wapi, kila lini, na kama anaruhusiwa kutoka wilayani. Ruhusa iombwe kwa maandishi kwa afisa anayemsimamia kabla hamjakata tiketi. Akikiuka anaweza kurudishwa ndani, na kusema “nilikuwa kwenye jambo la dini” hakutamtetea.

SWALI: Mume wangu amekaa gerezani miaka 9. Niko Sakina, Arusha, na watoto wawili, mdogo hamfahamu kabisa. Wazee wa kanisa wanasema ni wajibu wangu nimpokee nyumbani siku anayotoka. Naogopa.

JIBU: Dada, hakuna sheria inayokulazimisha kulala naye chumba kimoja siku hiyo. Ndoa haikuvunjika kwa yeye kufungwa, hilo ni kweli. Ila Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakihesabu kifungo cha maisha, au cha miaka isiyopungua 5, kuwa miongoni mwa mambo ambayo mahakama huweza kuyaangalia kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, ikizingatia urefu wa kifungo na aina ya kosa. Kabla ya mahakama kwa kawaida mnapita baraza la usuluhishi la ndoa. Usuluhishi maana yake si kurudiana kwa lazima.

Kwa wazee: mtafutieni huyu baba pa kulala kwingine kwa miezi mitatu ya mwanzo, hata kama mke amekubali. Mkutano wa kwanza na watoto ufanyike kwa shangazi au nyumba ya mchungaji, saa moja tu, mchana. Mtoto asilazimishwe kumwita baba wala kumkumbatia. Na kama kabla ya kufungwa alikuwa anampiga mkewe au alidhuru mtoto, kikao cha kanisa si mahali pa kuanzia. Aanzie Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kwa jambo la mtoto ipo namba ya bure 116.

SWALI: Shikamoo. Kaka yetu wa Marangu alitoka gerezani akakuta kihamba chake, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kimelimwa na mdogo wake kwa miaka 11. Ukoo umegawanyika. Kanisa linaweza kuamua?

JIBU: Marahaba. Kuamua, hapana. Kusuluhisha, ndiyo, na haraka. Ukomo wa kufungua shauri la kudai ardhi ni miaka 12, na msitegemee kwamba kifungo kinasimamisha hesabu hiyo. Swali la kwanza kikaoni liwe hili: mdogo mtu aliingiaje? Kama kaka au baba alimwambia “nitunzie”, huyo ni mtunzaji, na kukaa kwake miaka mingi hakumfanyi mwenye shamba. Kama aliingia bila ruhusa ya mtu, saa inahesabu.

Jani la isale, mmea wa kuombea msamaha, likipelekwa na mkosaji bado linasikika Uchaggani, nasi hatuwezi kulidharau. Limefungua vikao vilivyoshindikana kwa barua tatu za wakili. Lakini baada ya isale na mbege, pombe ya ndizi, andikeni muhtasari: mipaka kwa majina ya majirani, migomba na kahawa aliyopanda mdogo mtu atalipwa vipi, sahihi za pande zote na mashahidi. Ikishindikana, Baraza la Kata tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 halitoi tena hukumu za ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa miaka 11 mliyonayo, hayo yaanze mwezi huu.

SWALI: Aliyetoka anaweza kutoa ushuhuda ibadani, na kufundisha watoto?

JIBU: Ushuhuda, akitaka mwenyewe, na si mwezi wa kwanza. Tumeona mahali ambapo chakula hutolewa baada ya ushuhuda. Huko watu hujifunza kusimulia dhambi kubwa kuliko walizotenda. Watoto: aliyehukumiwa kwa kosa dhidi ya mtoto asipewe darasa wala safari ya watoto, hata miaka ikipita, na aambiwe hivyo waziwazi siku ya kwanza badala ya kuzungushwa. Wengine wapeni kwanza kazi isiyo na kipaza sauti, kama kupanga viti au kuchota maji ya jikoni. Wakifika kwenye sadaka, ihesabiwe na watu wawili, kama ilivyopaswa kuwa hata kabla yao.